Lenzi ya Pili: Umbali, Mwanga na Bei kwa Mpiga Picha wa Nyakanazi

Mji wa Nyakanazi umezaliwa na njia panda. Barabara inayotoka Kigoma kupitia Kibondo na Kakonko hukutana hapo na barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama kwenda mipaka ya Rusumo na Kabanga, na kwa kuwa malori, mabasi na wasafiri wa nchi kadhaa hupita hapo usiku na mchana, kazi za mpiga picha wa mji huo nazo huwa za mchanganyiko: harusi na sendoff ukumbini, mahafali shuleni, ubatizo na kipaimara kanisani, mkutano wa hadhara uwanjani, picha za pasipoti, na mara chache safari ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Wengi katika kazi hiyo huanza na kamera ya kidijitali na lenzi moja iliyokuja nayo ndani ya boksi, kwa kawaida ya milimita 18 hadi 55, na fedha zikianza kupatikana huja hamu ya lenzi ya pili ya kuvuta, yaani lenzi inayoweza kubadili ukubwa wa kitu katika picha bila mpiga picha kusogea. Swali linaloulizwa dukani huwa moja: ipi inavuta mbali zaidi? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba swali hilo humsaidia muuzaji kuliko mnunuzi, kwa sababu picha nyingi zinazoharibika katika kazi za namna hii haziharibiwi na umbali, bali na uhaba wa mwanga, na lenzi za bei nafuu zinazovuta mbali ndizo zilizo dhaifu zaidi mahali penye mwanga mdogo.

Ili hoja hiyo ieleweke, namba zilizoandikwa kwenye lenzi lazima zisomwe kwanza. Namba za milimita hutaja urefu wa fokasi, ambao kwa maelezo ya kazi ni kipimo cha uwezo wa lenzi wa kukuza: urefu ukiongezeka mara mbili, kitu huonekana kikubwa mara mbili na eneo linaloingia kwenye picha hupungua upana kwa nusu. Hesabu yake ni nyepesi kiasi cha kufanywa kwa kikokotoo cha simu, maana upana wa eneo linaloonekana ni sawa na upana wa sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ukizidishwa kwa umbali hadi kwenye kitu, kisha kugawanywa kwa urefu wa fokasi. Sensa ya kamera nyingi za bei ya kati za Canon ina upana wa milimita 22.3, na ya Nikon na Sony za daraja hilo ina milimita 23.5 hivi. Kwa hiyo mpiga picha mwenye Canon aliyezuiwa kusogea, akasimama mita 12 kutoka madhabahuni, ataona kwa milimita 55 eneo la upana wa karibu mita 4.9, ambamo maharusi, wasimamizi na padri wote wanaingia. Kwa milimita 135 ataona mita 2, ambazo zinawatosha maharusi peke yao. Na kwa milimita 250 ataona mita 1.1, ambayo ni uso, mabega na mkono unaovishwa pete. Hesabu hii ikifanywa kwa umbali halisi wa makanisa na kumbi ambazo mtu huzifanyia kazi, hudhihirika kwamba mahitaji mengi huishia kati ya milimita 100 na 200, na kwamba ile milimita 300 inayotajwa kwa fahari dukani hutumika kwa nadra.

Tena kuna umbali ambao mpiga picha anao tayari bila kununua chochote. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6,000, ilhali picha ya kusafishwa ya inchi 4 kwa 6, ambayo ndiyo wateja wengi huiweka kwenye albamu, hutosheka na pikseli 1,800 kwa upande wake mrefu. Picha iliyopigwa kwa milimita 55 inaweza basi kukatwa pembeni hadi ibaki sehemu ya katikati yenye pikseli hizo 1,800, na matokeo yake yakawa na uoni wa lenzi ya milimita 180 na kitu. Njia hii ina gharama yake, kwa kuwa kasoro za lenzi na chenga za sensa hukuzwa pamoja na picha, wala haifai kwa picha itakayowekwa fremu kubwa ukutani au kuchapwa kwenye bango la kampeni. Na kwa mwenye kamera ya zamani ya megapikseli 10 faida hupungua, maana hapo milimita 55 hufikia takriban 118 tu. Hata hivyo ukweli huu unaondoa hofu moja inayowafanya watu watumie fedha vibaya, nayo ni hofu ya pengo. Mtu mwenye lenzi ya 18 hadi 55 akiambiwa anunue ya 70 hadi 300 hulalamika kwamba milimita za kati ya 55 na 70 zitapotea, kumbe pengo hilo huzibwa kwa hatua moja mbele au kwa kukata pembeni kidogo.

Namba ya pili kwenye lenzi, ile inayoanza na herufi f, ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ingawa ndiyo isiyoulizwa. Hutaja uwiano kati ya urefu wa fokasi na kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga, kwa hiyo namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 200 yenye f/5.6 inahitaji tundu la kipenyo cha milimita 36 hivi, lakini ikitakiwa iwe f/2.8 kipenyo kinafika milimita 71, na vioo vya mbele lazima vipanuke kufuata kipenyo hicho. Hapo ndipo bei inapozaliwa. Lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 iliyotolewa mwaka 2018 ilitangazwa Marekani kwa dola 2,099 na ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, wakati lenzi ya milimita 55 hadi 250 ya kampuni hiyohiyo, ambayo kwa upande wa mbali hufungua hadi f/5.6 tu, ina gramu 375 na bei iliyo sehemu ndogo ya hiyo. Mnunuzi wa lenzi nafuu, kwa maneno mengine, hapunguziwi umbali. Anapunguziwa mwanga.

Kama upungufu huo ni hasara au si kitu kunategemea saa na mahali. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba jua likiwa kali, tundu la f/16 na ISO 100 hudai kasi ya shata ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, shata ikiwa ni pazia linalofunguka na kufungwa mbele ya sensa, na ISO ikiwa kipimo cha wepesi wa sensa kuitikia mwanga. Kutoka f/16 hadi f/5.6 mwanga huongezeka mara nane, hivyo shata hupanda hadi sehemu moja ya 800, kasi inayotosha kumgandisha mwanafunzi anayekimbia mita 100 au bodaboda inayokata kona. Mahafali ya mchana, gwaride, mpira na mkutano wa hadhara ni milki ya lenzi nafuu, na anayemshauri mtu akope fedha anunue f/2.8 kwa kazi za namna hiyo anampotosha.

Ukumbini hali ni nyingine kabisa. Chukuliwe ukumbi wa taa za mapambo ambao, kwa f/5.6 na ISO iliyopandishwa hadi 6400, kamera inaweza kupata shata ya sehemu moja ya 60 tu. Kwa kiwango hicho cha ISO kamera nyingi za bei ya kati tayari hutoa chenga zinazoonekana kwenye ngozi na kwenye shela, na shata ya sehemu moja ya 60 haiwezi kumsimamisha bibi harusi anayeingia akicheza. Lenzi ya f/2.8 mahali palepale ingepata sehemu moja ya 250. Lenzi ya f/1.8 ingekaribia sehemu moja ya 600, maana hupitisha mwanga mara tisa na zaidi ya ile ya f/5.6. Flashi husaidia, na fundi anayejua kuielekeza darini badala ya usoni hupata picha nzuri, lakini kumbi nyingi za miji midogo zina dari za juu zenye rangi nzito, au hazina dari kabisa bali mabati na turubai, na mwanga wa flashi hupotelea huko.

Katika mjadala huu hutajwa kitulizo cha mtikisiko, yaani mtambo mdogo ndani ya lenzi unaosogeza kioo kimoja kukabili mtetemo wa mikono, ambao Canon huuandika IS, Nikon VR, Sony OSS na Tamron VC. Thamani yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani na ndogo kuliko matangazo yanavyodai, na pande zote mbili za kauli hiyo zinahitaji kufafanuliwa. Bila kitulizo, desturi ni kutumia shata isiyo chini ya sehemu moja ya urefu wa fokasi baada ya kuuzidisha kwa 1.6 au 1.5 kulingana na sensa, hivyo milimita 250 kwenye Canon ndogo hudai sehemu moja ya 400. Kitulizo huruhusu kushuka hadi sehemu moja ya 50, pengine chini zaidi kwa mwenye mkono mtulivu. Lakini kinachotulizwa ni kamera, si mtu anayepigwa picha. Padri aliyesimama kimya atatoka vizuri, kwaya inayoyumba itatoka kama moshi. Kwa sababu hiyo kitulizo kinafaa kuhesabiwa kuwa sharti la lenzi ya mbali, wala kisihesabiwe kuwa badala ya tundu kubwa.

Sharti hilo peke yake linatosha kuchambua sehemu kubwa ya bidhaa zilizopo sokoni. Kwa wenye Canon za kioo, yaani zile ambazo mtu huchungulia kupitia kioo kinachoruka wakati wa kupiga, lenzi inayouzwa kwa wingi ni ya milimita 75 hadi 300 iliyotolewa mwaka 1999, na uwingi huo hutokana na bei yake na ile namba 300. Haina kitulizo, ukali wake hupungua sana upande wa mbali, na haiwezi kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja na nusu. Lenzi ya milimita 55 hadi 250 yenye IS, iliyoanza kutolewa mwaka 2007 na kuboreshwa mwaka 2013 kwa mota tulivu iitwayo STM, inaishinda karibu kwa kila kipimo cha maana ingawa namba yake ni ndogo. Toleo la STM hulenga hadi sentimita 85, na utulivu wa mota yake ni faida kubwa kwa wanaorekodi video, kwa kuwa mlio wa mota za zamani huingia kwenye maikrofoni ya kamera. Ikiwa kuna kauli moja ya moja kwa moja inayoweza kutolewa kuhusu Canon hizi, ni kwamba 55 hadi 250 iliyotumika lakini nzima ni bora kuliko 75 hadi 300 mpya ndani ya boksi.

Upande wa Nikon mtego uko kwenye mota. Kamera ndogo za Nikon, yaani zile za mfululizo wa D3000 na wa D5000, hazina mota ya kulenga ndani yake, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF bila herufi ya ziada, pamoja na ile 70 hadi 300 ya bei ya chini sana, hufunga vizuri na kupiga picha lakini hazijilengi. Mnunuzi hulazimika kuzungusha kwa mkono. Zinazofaa ni zilizoandikwa AF-S, kama ya milimita 55 hadi 200 yenye VR, nyepesi ya gramu 335. Mwaka 2016 zikaja lenzi za AF-P, miongoni mwao ya milimita 70 hadi 300, ambayo ni kali na ya haraka kwa bei yake, ila iliuzwa kwa sura mbili zinazofanana, moja yenye VR na nyingine isiyo nayo, na zote mbili hazifanyi kazi kwenye kamera za zamani kama D40, D90 na D3000. Kosa la herufi moja hapa hugharimu nauli ya kurudi Mwanza au Kahama. Wenye kamera ndogo za Sony zisizo na kioo wana uamuzi mwepesi zaidi, kwa kuwa ile ya milimita 55 hadi 210 yenye OSS ya mwaka 2011 hupatikana ikiwa imetumika na hutosha.

Kifungio, yaani pete ya chuma au plastiki inayounganisha lenzi na kamera, ndicho kinachoamua kama fedha iliyotolewa leo itaendelea kuwa na maana kesho. Nikon walianza kifungio chao cha F mwaka 1959, Canon wakaanza EF mwaka 1987, na mwaka 2018 kampuni zote mbili zikahamia vifungio vipya, Z na RF, kwa kamera zisizo na kioo. Kuhama huko kumekuwa neema kwa mnunuzi wa kipato kidogo, kwa sababu wapiga picha wa nchi tajiri wanauza lenzi zao za zamani na bei za mitumba hiyo zinashuka. Anayepanga kubadili kamera baadaye anaweza kuzitumia lenzi za EF kwenye RF kwa adapta bila kupoteza ulengaji, na za AF-S kwenye Z vilevile, lakini adapta ya Nikon haina mota, hivyo lenzi za AF za kale hubaki za kulengwa kwa mkono hata huko.

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba lenzi ya pili lazima iwe ya mbali, na dhana hiyo yenyewe inastahili kutiliwa shaka. Ushahidi bora zaidi hauko dukani bali kwenye kompyuta ya mpiga picha mwenyewe, kwa kuwa kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake kumbukumbu ya urefu wa fokasi, tundu, shata na ISO iliyotumika. Picha mia tano za miezi iliyopita zikipitiwa, huonyesha mahali lenzi ya kwanza ilipogonga mwamba. Zikirundikana kwenye milimita 55 na zote ni za nje mchana, lenzi ya mbali inadaiwa kweli. Zikirundikana kwenye 18, kwa sababu kazi nyingi hufanyika vyumbani ambamo bibi harusi anavishwa huku ndugu ishirini wamesimama ukutani, kinachohitajika ni lenzi ya kuvuta ya upande mpana kama Canon ya milimita 10 hadi 18 ya mwaka 2014, iliyotangazwa kwa dola 299, ambayo kwa umbali wa mita 3 huonyesha karibu mita 6.7 za ukuta pale ambapo milimita 18 huonyesha mita 3.7, ingawa nyuso zilizo pembeni hunyooshwa, na mtu mnene hapendi kuwekwa huko. Na zikirundikana kwenye ISO za juu na shata za chini, hata lenzi ya mita nzima haitasaidia. Hapo dawa ni lenzi ya kuvuta ya milimita 17 hadi 50 yenye f/2.8 muda wote, ambazo Tamron na Sigma wamezitengeneza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia ikiwa imetumika, au lenzi isiyovuta kabisa ya milimita 50 yenye f/1.8, iliyotolewa upya na Canon mwaka 2015 kwa bei ya chini. Hiyo ya 50 si lenzi ya kuvuta, lakini uchambuzi wa haki hauwezi kuiacha nje kwa sababu ya jina.

Zipo pia lenzi za kila kitu, za milimita 18 hadi 200 na kuendelea, na ile ya Tamron ya mwaka 2017 inafika 400. Kwa mwandishi wa habari anayefanya kazi kando ya barabara yenye vumbi la malori zina hoja moja nzito, kwamba kamera haifunguliwi na sensa haiingiwi na uchafu. Kwa mpiga picha wa harusi hazitatui lolote.

Burigi-Chato ndiko wapenda umbali hupata utetezi wao, na utetezi huo una uzito. Kwa milimita 250 twiga mwenye urefu wa mita 5 aliye mita 100 hujaza karibu kimo chote cha picha ikipigwa kwa ulalo, jambo zuri. Lakini ndege wa ukubwa wa kuku akiwa hapohapo ni nukta tu, na hata milimita 400 hazimwokoi. Zaidi ya hayo, saa sita mchana hewa ya joto juu ya ardhi hutetemeka na kuleta mazigazi, na picha ya mbali ikapoteza ukali ambao hakuna lenzi ya bei yoyote ingeurudisha; wanaopata picha nzuri za wanyama huondoka alfajiri. Ikumbukwe pia kwamba lenzi ndefu huvuta macho ya askari, na katika ukanda wenye kituo cha mpaka, daraja la Rusumo na mitambo ya umeme, kuielekeza upande usiofaa ni kujitafutia maelezo. Picha za kambi ya Benaco wilayani Ngara za mwaka 1994, wakati wakimbizi wapatao robo milioni walipovuka Rusumo ndani ya siku moja hivi, zina la kufundisha hapa, kwa kuwa za Sebastião Salgado wa Brazili, ambazo zinakumbukwa hadi leo, ni za mtu aliyewaendea watu mahali walipokuwa, si za aliyewavuta kutoka kilimani.

Kwa kuwa lenzi zinazozungumzwa hapa nyingi zitanunuliwa zikiwa zimetumika, ukaguzi wake ni sehemu ya uteuzi. Lenzi hufunguliwa vifuniko vyote viwili, ikamulikwa kwa tochi ya simu kutoka nyuma, na ndani yake kutafutwa nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi. Hiyo ni kuvu, inayopenda unyevu wa masika na mikoba iliyofungwa miezi, hula utando wa kioo na huendelea kukua, hivyo lenzi yenye kuvu haifai hata ikishushwa bei. Kisha hufungwa kwenye kamera ya mnunuzi mwenyewe, si ya muuzaji, ikalengwa karibu na mbali, ikavutwa mwanzo hadi mwisho kusikiliza kama inakwaruza, na ukurasa wa gazeti uliobandikwa ukutani ukapigwa kwa tundu lililo wazi kabisa: maandishi ya pembe moja yakisomeka na ya pembe nyingine yakawa na ukungu, vioo vimehama kwa kuanguka. Anayenunua kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam afanye ukaguzi huo akiwa bado ofisini kwa mabasi, kabla ya kulipa sehemu iliyobaki. Chembe tatu nne za vumbi ndani ya lenzi, ambazo wanunuzi wengi huzikimbia, hazionekani kwenye picha hata kidogo, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ipunguzwe.